Kitabu Ambacho Mwalimu Hakukiagiza

Kwenye gulio la vitu vya zamani hapa Leipzig, asubuhi moja ya baridi, niliokota vitabu viwili kutoka kwenye boksi la mama mmoja wa makamo. Kimoja kilikuwa *Timur und sein Trupp* cha Arkadi Gaidar, hadithi ya Timur na kikosi chake cha watoto. Kingine kilikuwa *Der Zauberer der Smaragdenstadt* cha Alexander Volkov, hadithi ya mchawi wa mji wa zumaridi. Vyote viliandikwa kwa Kirusi, vikatafsiriwa kwa Kijerumani, na vyote alikuwa navyo tangu utotoni.

Nikamuuliza bei.

"Cha Timur chukua tu, sitaki hela." Kisha akakitwaa kile cha Volkov mkononi mwangu, kwa upole lakini bila kusita. "Hiki sijui kimeingiaje humu. Hakiuzwi."

Nilitaka kujua kimezidi nini. Akaniambia kwamba Timur walimsoma darasani kwa sababu mwalimu aliagiza. Cha Volkov aliazimwa na binamu yake kwa siku chache tu, akakisoma kwa kujificha chini ya blanketi, na mama yake akahangaika huku na kule mpaka akampatia nakala yake mwenyewe.

Nimeishi na jibu hilo kwa wiki kadhaa sasa. Haliniachi.

Sauti za wakubwa

Nilipoanza kufuatilia safari ya vitabu vya watoto vya Kirusi kuingia kwenye Kijerumani, swali langu lilikuwa jepesi: watoto wenyewe walivipokeaje? Nikakutana na dibaji za wataalamu, tahakiki za magazeti, maazimio ya vyama, mihtasari ya masomo na orodha za vitabu vilivyopigwa marufuku. Vyote vimeandikwa na watu wazima, wakizungumza na watu wazima wenzao.

Mwenye kitabu, yaani mtoto, hasikiki.

Jambo hilo si la zama moja. Mwaka 1831, hapa hapa Leipzig, Anton Dietrich alichapisha ngano za Kirusi kwa Kijerumani, na dibaji ikaandikwa na Jacob Grimm, yule wa ndugu wawili wa ngano. Hebu fikirini: mkusanyo mkubwa wa ngano wa Afanasyev, ambao Warusi wenyewe wanauhesabu kuwa hazina yao, ulianza kutoka mwaka 1855. Msomaji wa Kijerumani alikuwa na Ilya wa Murom na Emelya mvivu kwenye rafu zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo.

Dietrich alizitoa ngano hizo kwenye lubok, zile karatasi za picha na maandishi ambazo wachuuzi wa Urusi waliwauzia watu wa kawaida kwa bei ya chini. Mojawapo, ya shujaa Bova Korolevich, haikuwa hata na asili ya Urusi. Ilitoka Ulaya Magharibi, kwenye visa vya mashujaa wa zama za kati, ikapita kwa Waslavi wa kusini, ikavaa mavazi ya Kirusi, kisha Dietrich akairudisha magharibi kama ngano ya Warusi. Hapo napapenda sana. Hadithi haikumwomba mtu kibali.

Lakini Grimm aliitazama kazi hiyo kwa jicho la mtafiti anayelinganisha masimulizi ya mataifa. Wajukuu wa kuisikiliza hadithi ya Emelya aliyelala juu ya jiko huku samaki wa uchawi akimtimizia kila kitu walikuwepo majumbani, bila shaka, ila dibaji haikuandikwa kwa ajili yao.

Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo vitabu vya watoto vilienda upande wa pili, kutoka Ujerumani kwenda Urusi. *Struwwelpeter* cha daktari Heinrich Hoffmann wa Frankfurt kilitoka 1845, na mwaka 1849 watoto wa Urusi walikuwa tayari wana chao kwa Kirusi. Mambo yaligeuka baada ya mapinduzi ya 1917.

Berlin inafungua mlango

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Berlin ilijaa Warusi: waliokimbia, waliotumwa, na waliokuwa hawajaamua wako upande gani. Mfumuko wa bei ulifanya uchapaji wa Ujerumani uwe rahisi kwa mwenye fedha za nje, na mashirika ya Kirusi yakachipuka. Mwaka 1922 msanii El Lissitzky alichapisha hapo hadithi yake ya miraba miwili, mwekundu na mweusi, inayotua duniani na kuipanga upya. Hadi leo wasanii hukitaja kitabu hicho kwa heshima.

Kisha zikaja tafsiri zenye lengo. Verlag der Jugendinternationale, shirika la uchapaji la vijana wa kikomunisti mjini Berlin, lilitoa mwaka 1927 shajara ya mwanafunzi Kostya Ryabtsev, riwaya ya Nikolai Ognyov iliyotafsiriwa na Maria Einstein. Kostya ana miaka 15. Shule yake imeletewa mpango wa Dalton, mtindo uliobuniwa Marekani ambapo mwanafunzi anapewa kazi za mwezi mzima na kuzifanya mwenyewe maabara kwa maabara, na Kostya analalamika kurasa kwa kurasa. Anagombana na walimu, anapenda, anaona wivu, anajiona mjuaji.

Wakubwa wa Ujerumani walikuwa katikati ya ubishi wao mkali kuhusu shule mpya. Kitabu cha namna hiyo walikipokea kama taarifa: kumbe shule za Kisovieti ziko hivi! Walitafuta humo mfumo wa elimu. Kostya mwenyewe, na hasira zake za kijana, alikuwa dirisha tu la kuchungulia nchi.

Sitaki kuwahukumu kwa haraka. Walikuwa wametoka kwenye vita iliyowamaliza vijana wao, na waliamini kwa moyo wote kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kama unataka dunia isirudi ilikotoka, unaanza na watoto. Mimi pia ningetaka hivyo.

Shaka yangu iko kwenye kile kinachompata samaki.

Bwana Fox na kofia zake

Mwaka 1932 shirika la Malik la Berlin, lililoongozwa na Wieland Herzfelde, lilitoa kwa Kijerumani kitabu cha M. Ilin kuhusu Mpango wa Miaka Mitano, mpango wa serikali ya Kisovieti wa kujenga uchumi. Ilin ni jina la kalamu la Ilya Marshak, mhandisi, mdogo wake Samuil Marshak mshairi wa watoto. Aliandika kwa ajili ya watoto wa shule, na aliweza kuieleza mitambo ya umeme na mabwawa kwa namna ambayo inasisimua hata leo.

Kuna sehemu moja humo ambayo nimeisoma na kuirudia. Bwana Fox wa Marekani amepata pesa, anafungua kiwanda cha kofia. Wenye pesa wengine wanaona faida, nao wanafungua viwanda vya kofia. Kofia zinafurika, hakuna wa kuzinunua, viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanatolewa nje.

Sasa weka ukurasa huo Ujerumani mwanzoni mwa 1932, ambako watu wasio na kazi walipita milioni 6.

Baba anarudi nyumbani mchana kwa sababu hana pa kwenda. Juu ya meza kuna kitabu cha mtoto kinachoeleza kwa nini hana pa kwenda, na kinachodai kwamba iko nchi moja ambako jambo hilo haliwezekani. Atakisoma yeye kwanza. Huko Marekani kitabu hicho hicho, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1931, kilinunuliwa kwa wingi na watu wazima. Kilichoandikiwa watoto kiligeuka kuwa hoja ya wakubwa.

Na hoja yenyewe ilikuwa na upande uliofichwa. Miezi ile ile ambayo Wajerumani walikuwa wakisoma kuhusu mpango usiokosea, Ukraine na Kazakhstan zilikuwa zinaingia kwenye njaa iliyoua mamilioni. Mtoto wa Berlin hakuambiwa. Hilo linaniuma kuliko mengine yote niliyosoma, kwa sababu kitabu ni kizuri kweli.

Mtu mmoja wa zama hizo nahisi alikaribia kuuona ukweli wa mtoto. Walter Benjamin, mwanafalsafa na mhakiki wa Kijerumani, alikaa Moscow majira ya baridi ya 1926 kuingia 1927, akizunguka madukani kutafuta midoli na vitabu vya watoto alivyovikusanya kwa mapenzi makubwa. Mwaka 1929 aliandika programu ya tamthilia ya watoto kwa ajili ya Asja Lacis, mwongozaji aliyekuwa amefanya kazi na watoto wa mitaani kule Oryol baada ya mapinduzi. Alitaka kiongozi wa kundi asimhubirie mtoto. Amtazame. Kila ishara ya mtoto ni habari inayotoka kwenye dunia ambayo mtoto ndiye mtawala wake.

Andiko hilo halikuchapishwa akiwa hai.

Jamhuri iliyofungwa milango miwili

Kama kuna kitabu kimoja ambacho wasomaji wa Kijerumani wa miaka hiyo walistahili kubaki nacho, kwangu ni *Schkid, die Republik der Strolche*, kilichotoka Berlin mwaka 1929. Kiliandikwa na Grigori Belykh na Leonid Panteleev, vijana wawili waliookotwa mitaani Petrograd, mji ulioitwa baadaye Leningrad, na kupelekwa kwenye shule iliyoitwa kwa jina la Dostoevsky. Kirusi chake kilitoka 1927, wakati Panteleev hajatimiza miaka 20. Mwandishi Maxim Gorky alikisifu sana.

Hapa hatimaye anayezungumza ni mtoto, au aliyekuwa mtoto juzi tu. Wavulana wanaiba tumbaku, wanatunga magazeti yao, wanaanzisha serikali yao bandia, mmoja anawakopesha wenzake mkate kwa riba mpaka nusu ya shule inakuwa watumwa wake. Mkurugenzi anakosea, anaona haya, anajaribu tena. Hakuna anayesafishwa kwa ajili ya picha.

Mwaka 1933 Hitler aliingia madarakani na uchapaji wa kikomunisti ukazimwa nchini Ujerumani. Shirika la Malik lilihamia Prague. Vitabu vya Kisovieti vikatolewa maktabani, vingine vikachomwa moto.

Katikati ya miaka ya 1930 Belykh alikamatwa Leningrad, safari hii na utawala wa Stalin. Alifia kizuizini mwaka 1938. Kitabu chake kikatoweka kwenye maduka ya Kisovieti hadi karibu na 1960.

Kwa hiyo kulikuwa na miaka ambayo hadithi ya wavulana wale haikuweza kusomwa wazi Berlin wala Leningrad. Serikali mbili zilizochukiana kufa zilikubaliana juu ya hili moja.

Tafsiri za Kijerumani zenyewe zilikuwa zimepata makao Moscow, kwenye shirika lililoitwa kwa kifupi VEGAAR, lililochapisha kwa lugha za kigeni tangu 1931. Waliofanya kazi humo wengi walikuwa wakimbizi wa kisiasa. Msako wa 1937 na 1938 uliwapitia, na shirika likavunjwa. Vitabu vya Kijerumani vilitoka pia mji wa Engels, kwa ajili ya Wajerumani wa Volga waliokuwa raia wa Kisovieti. Mwaka 1941 jamhuri yao ilifutwa, wakapakiwa kwenye treni kwenda Siberia na Kazakhstan.

Nikiwaza watafsiri hao, waliokaa usiku wakitafuta vina vya mashairi ya watoto, nashindwa kusoma orodha za majina hadi mwisho.

Timur na siri yake

Gaidar aliuawa tarehe 26 Oktoba 1941 karibu na kijiji cha Leplyava, Ukraine, akipigana pamoja na wapiganaji wa msituni. Waliomuua walikuwa wanajeshi wa Kijerumani.

Miaka michache baadaye kitabu chake kiko mikononi mwa watoto wa Kijerumani.

Nimejaribu kukaa na jambo hilo bila kukimbilia kulisemea. Mtoto wa miaka 10 au 11 katika mji uliobomolewa, baba amefia mashariki au yuko mateka huko huko, anapewa hadithi ya watoto wanaozisaidia kwa siri familia za wanajeshi wa Jeshi Jekundu. Waliompa ni jeshi lile lile, lililokuwa na shirika lake la uchapaji, SWA, katika eneo lililolitawala. Mwaka 1949 Der Kinderbuchverlag likaanzishwa Berlin Mashariki, na vitabu vya Kirusi vikawa sehemu ya kawaida ya utoto wa upande huu.

Na kitabu ni kizuri. Lazima niseme hivyo. Ni kiangazi, kwenye nyumba za mapumziko nje ya Moscow. Timur na wenzake wana makao makuu kwenye dari la banda bovu, na usukani wa meli unaovuta nyaya za kuitana. Usiku wanachota maji, wanapanga kuni za bibi, wanamtafuta mbuzi aliyepotea. Kwenye mageti ya familia za askari wanachora nyota nyekundu. Wakubwa hawaelewi kinachoendelea. Wanamshuku Timur kuwa mhuni, na msichana aitwaye Zhenya anakatazwa na dada yake mkubwa kuandamana naye.

Utamu wote uko hapo: wakubwa hawajui.

Halafu wakubwa wakakifanya kitabu cha lazima shuleni. Msaada wa Timur ukawa shughuli rasmi ya Mapainia, chama cha watoto cha Ujerumani Mashariki, chenye viongozi na mipango ya kazi. Wazee walisaidiwa kweli, makaa yalibebwa kweli, na wapo watu wazima leo wanaoikumbuka kazi hiyo kwa fahari; sina haki ya kuipuuza fahari yao. Lakini wema wa Timur ulikuwa wake kwa sababu hakuna aliyemwagiza. Ukishauandikia ripoti, umempa mtoto ganda la hadithi na kuchukua kiini.

Nadhani ndiyo sababu yule mama aliniambia nichukue bure.

Njia ya matofali ya njano

Alexander Volkov alikuwa mwalimu wa hisabati Moscow. Akijifunza Kiingereza alikitafsiri kitabu cha Mmarekani L. Frank Baum kuhusu mchawi wa Oz, cha mwaka 1900, na kadiri alivyoendelea akakibadilisha. Dorothy akawa Elli. Akaongeza zimwi mla watu na mafuriko. Akaweka sharti: Elli hatarudi kwao mpaka asaidie viumbe watatu kutimiziwa haja zao. Toleo la kwanza lilitoka 1939, na lile aliloliandika upya likatoka 1959 na michoro ya Leonid Vladimirsky.

Kijerumani chake kilitoka katikati ya miaka ya 1960, tafsiri ya Lazar Steinmetz, na kikafuatiwa na vitabu vingine vitano vya mfululizo huo. Wakati watoto wa Ujerumani Magharibi walimjua Baum, wa Mashariki walimjua Volkov. Wengi walikua bila kufahamu kwamba Elli ana dada pacha ng'ambo ya ukuta.

Upatikanaji wake ulikuwa wa shida. Nakala zilipatikana kwa kujuana, zikazunguka mikononi mwa watoto hadi majalada yakachanika. Na humo ndani mna mambo ambayo mwalimu makini wa itikadi angepaswa kuyatazama mara mbili. Mtawala wa mji wa zumaridi ni mtu wa kawaida anayewatisha raia kwa vinyago vya mashine. Mji unang'aa kijani kwa sababu kila mtu amelazimishwa kuvaa miwani. Katika kitabu cha pili Urfin, seremala mwenye kinyongo, anachonga askari wa mbao, anawapa uhai kwa unga wa ajabu na kuitwaa nchi. Miwani ni ya Baum, seremala ni wa Volkov mwenyewe, na aliandika katika nchi iliyokuwa imepitia yale yaliyompata Belykh. Sidai kwamba alikusudia fumbo. Nasema tu kwamba mtoto aliyesoma chini ya blanketi alikuwa huru kuona anachoona.

Mwaka 1990 dola ya Mashariki ikaondoka. Hakukuwa tena na mtaala wa kulazimisha wala Mapainia, na maduka yalifurika vitabu vya Magharibi vyenye rangi kali. Mashirika mengi ya uchapaji ya huku yalikufa. Volkov alibaki. Shirika la LeiV la hapa Leipzig lilirudisha mfululizo mzima, na wazazi wakanunua kwa pesa zao, kwa hiari yao, kuwasomea watoto wao.

Kwangu huo ndio ushahidi nilioutafuta. Watoto wale hawakuandika tahakiki. Walisubiri wakawa wakubwa, kisha wakapiga kura.

Inawezekana ni kumbukumbu ya utotoni tu, mtu kuililia nchi iliyopotea kwa kushika jalada lake? Nimelijadili hilo na rafiki mmoja wa hapa, na yeye aliamini hivyo. Mimi siamini. Nchi ile ilikuwa na vitabu vingi vya kulilia, na vilivyosifiwa zaidi na wakubwa havikupewa nafasi hiyo.

Moscow hadi kwetu

Wasomaji wangu wa rika fulani tayari wanajua ninakoelekea. Mashirika ya Moscow, Progress na baadaye Raduga, yalichapisha pia kwa Kiswahili, vikiwemo vitabu vya watoto vyenye picha za kupendeza na bei ya kumudu. Vilifika Dar es Salaam na kwingineko vikitoka kwenye mashirika yale yale yaliyowachapia Wajerumani.

Tena sisi tulikuwa ndani ya hadithi zenyewe. Mwaka 1929 Korney Chukovsky aliandika utenzi wa Daktari Aibolit, mganga wa wanyama. Unakuja ujumbe kutoka kwa kiboko: wagonjwa wanamsubiri, wanaishi Zanzibar, Kalahari na Sahara, na kwenye mlima wa Fernando Po, huko kando ya Limpopo pana. Vizazi vya watoto wa Urusi vimelitamka jina la Zanzibar kwa wimbo huo kabla hawajajua liko wapi kwenye ramani. Wanyama wetu wamejaa humo, mbuni, viboko, ngamia. Mtu hata mmoja wa Zanzibar hayumo.

Mapokezi ya vitabu hivyo kwa Kiswahili yakija kuandikwa, naogopa yatapita njia ile ile: balozi alisema nini, wizara iliagiza nini, nakala ngapi zilishushwa bandarini. Ndiyo maana nauliza mapema. Kama ulikuwa nacho kimoja, ulikipataje: kwa mwalimu, kwa mjomba, kwenye duka la vitabu, au ulikichukua kwa mwenzako ukakirudisha umechelewa? Ulikisoma mara ngapi, na ni ukurasa gani ulioupenda? Niandikieni. Majibu nitayaweka hapa kama yalivyo, bila dibaji ya mtu mzima.